Umri wa Mpira wa Juala: Sanaa Shirikishi na Kuchakaa Kwake Mashimoni na Kawangware

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokwenda nyanjani hupewa kinasasauti, daftari na onyo la kutorudi mikono mitupu. Mimi nilikwenda Mashimoni kukusanya nyimbo za watoto kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nikarudi na mpira. Ulikuwa mpira wa juala wa kujaa viganja viwili, umezungushiwa uzi wa gunia na vipande vya tyubu ya baiskeli, na upande mmoja ulikuwa umekwaruzika. Nilimlipa mvulana aliyeuunda shilingi 100, nikaukunja ndani ya gazeti, nikapanda nao matatu, nikauweka juu ya kabati la vitabu chumbani mwangu. Usiku ule niliketi kuzisikiliza nyimbo nilizozinasa. Zilikuwa tano, na ule wa tano unakatika katikati. Unakatika pale niliponunua mpira.

Makala haya yamezaliwa na kimya hicho. Yananuia kueleza jinsi watoto wa Mashimoni, Kibera, na wale wa Kawangware wanavyounda vifaa vya sanaa ambavyo havina maana pasipo mikono na miguu ya watu, na ambavyo tangu siku ya kuundwa vimekwisha kupangiwa umri. Hoja yangu ni kwamba umri huo si kasoro ya kifaa bali ni sehemu ya muundo wake, kama vile mwisho ulivyo sehemu ya ngano. Nitatumia istilahi ya sanaa shirikishi kwa maana ya kazi ya sanaa isiyokamilika mpaka mpokeaji aishike, aipige, aisukume au aivae. Yamkini msomaji atauliza kama mpira wa takataka unastahili jina la sanaa. Namwomba avumilie kidogo.

Mashimoni ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, pamoja na Laini Saba, Lindi, Makina, Kisumu Ndogo, Gatwekera, Kianda na vinginevyo. Kawangware iko ng'ambo ya Barabara ya Ngong, ikipakana na mtaa wa kitajiri wa Lavington. Mimi nilikulia Kawangware, upande wa Gatina, na kwa hivyo baadhi ya mambo ninayoyaeleza niliyafanya kwa mikono yangu kabla sijajua kuwa yanaweza kuandikiwa makala.

Mpira unavyoundwa

Mpira wa juala hauanzi na juala. Huanza na moyo. Moyo huweza kuwa soksi iliyopoteza mwenzake, kipande cha sponji kilichong'olewa kwenye godoro kuukuu, au mpira mwingine uliokwisha kufa. Juu ya moyo huja majuala, moja juu ya jingine, kila moja likiachiwa hewa kidogo kabla ya kusokotwa mdomo. Hapo ndipo ustadi ulipo. Hewa ikizidi mpira huwa puto na upepo huupeleka utakako. Hewa ikikosekana huwa jiwe. Muundaji huubonyeza kwa kidole gumba baada ya kila tabaka, na hakuna kipimo kingine.

Baada ya tabaka la sita au la saba mpira hufungwa uzi. Uzi unaopendwa zaidi ni ule unaofumuliwa kutoka kwa gunia la plastiki lililobeba mchele au sukari, kwa kuwa hauozi. Uzi wa katani hukaza vizuri lakini hulowa, na ukilowa mara mbili tatu hulegea na kuoza. Uzi huzungushwa wima, kisha kwa kukingama, na kila pale nyuzi mbili zinapokutana hupigwa fundo. Mafundo yakipangika hutokea wavu wa miraba. Mtoto mwenye mkono mzuri hujulikana kwa miraba yake kama vile msusi anavyojulikana kwa ususi wake. Sisi tuliweza kuutambua mpira wa fulani hata ukiokotwa mtaroni mtaa wa tatu.

Juala lenyewe halikuokotwa ovyo. Kibera ilipata sifa mbaya duniani kwa kile kilichoitwa vyoo vya kurusha: palipokosekana choo, na giza likiwa na hatari zake, mtu alijisaidia ndani ya mfuko na kuutupa nje. Kwa hivyo mtoto aliyeokota juala alijifunza mapema kulitazama na kuulizia lilikotoka kabla ya kuligusa. La mkate lilikuwa salama. La duka kubwa lilikuwa gumu na la thamani, likawekwa nje kama ngozi. Yale membamba ya kufungia mboga yaliraruka upesi, yakafichwa ndani. Ukiufumua mpira mmoja kwa mpangilio ungeweza kusoma vilivyonunuliwa na vilivyoliwa katika ploti nzima wiki hiyo.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu katika madaftari ya wakusanyaji wa fasihi ya watoto, yangu yakiwamo, mpira hutajwa kwa neno moja: mpira. Wimbo huandikwa silabi kwa silabi, ilhali kifaa kinachouongoza wimbo huo hupita kama kiti ambacho msimulizi alikalia.

Umri wake

Mpira mpya ni mwepesi na laini. Siku mbili tatu za kwanza huwa ni mpira wa kati. Katika mchezo huo wachezaji wawili husimama kwenye ncha mbili, wengine hukaa katikati, na wale wa ncha huwarushia mpira kwa nia ya kuwapiga. Anayepigwa hutoka. Kawangware tulicheza kwa kanuni kwamba anayeudaka mpira hewani hujipatia uhai wa ziada, ambao anaweza kujiwekea au kumfufulia mwenzake aliyetoka. Kwa kuwa mpira mpya hauumizi, hata watoto wa miaka mitano huruhusiwa kuingia. Aghalabu wasichana ndio mabingwa, na nyimbo za kuhesabu huwa nyingi kwa sababu kila mrusho una hesabu yake.

Kadiri unavyopigwa ndivyo tabaka zinavyoshikana. Mpira hupungua ukubwa na kuongezeka uzito, na hapo wavulana wakubwa huja kuudai kwa ajili ya soka. Wenzetu wa Tanzania wana jina zuri la kandanda hii ya mipira ya kuunda, chandimu. Sisi tuliita soka tu. Kuchukuliwa huku hakukosi ugomvi, maana waliouunda mara nyingi si wanaoupiga teke. Hata hivyo ugomvi haubadilishi jambo: ugumu ule ule unaoufaa mguu ndio unaoufukuza mgongo. Mpira uliokomaa ukikupata katika kati utalia. Wachezaji hawauchagui mchezo peke yao, mpira nao huchagua, na huchagua kwa umri wake.

Kisha jua, changarawe na maji hufanya kazi yao. Plastiki inayokaa juani hupoteza unyumbufu na kuanza kukatika vipande vidogo. Uzi hulika upande unaoburura chini. Wavu ukifumuka mpira hutoa tumbo, na ukidundishwa huenda kusikotarajiwa. Wanasoka huutupa. Ajabu ni kwamba katika hatua hii ndipo mchezo wa tatu unapoanza, ambao hauna jina ninalolijua. Mmoja huupiga chini kwa nguvu na wengine hukisia utaelekea wapi. Anayekosea hutaniwa, na utani wenyewe huimbwa kwa kupokezana. Kati ya nyimbo tano nilizozinasa Mashimoni, mbili ni za mchezo huu, ukiwamo ule uliokatika. Haziimbwi kwa mpira mpya. Mtafiti mwenye huruma anayefika na mpira wa ngozi kutoka dukani kama zawadi hatazisikia, na ataandika kwa dhati kabisa kwamba hazipo.

Mwishowe mpira hufa. Hilo ndilo neno lenyewe. Sijasikia mtoto akisema umeharibika. Kifo chake hakina mazishi bali kina mirathi. Uzi hufumuliwa na kuzungushwa kwenye kijiti. Moyo hupewa anayeanza mpira mwingine. Nikiwa darasa la tatu, mwalimu mmoja aliukamata mpira wetu na kuutupa katika moto wa jikoni shuleni. Nakumbuka kwamba hatukuulilia mpira wenyewe, uliokuwa umebakiza siku mbili za kuishi. Tuliulilia uzi.

Jamaa zake wa karibu na wa mbali

Mpira huu hauko peke yake. Gari la waya, lenye usukani mrefu unaomwezesha dereva kulisukuma akiwa amesimama, huanza kufa kwenye magurudumu, yawe ya vifuniko vya chupa au ya visigino vya patipati. Kiunzi chake huweza kuwazika magurudumu ya vizazi vitatu. Vyombo vya udongo na makopo vya kalongolongo huishi alasiri moja, mpaka mama atakapoita. Blada, ule ukanda wa mpira unaorukwa na wasichana, hukatika na kufungwa fundo, ukakatika tena, mpaka mafundo yake yakawa mengi kuliko ukanda.

Isidhaniwe kwamba hii ni sanaa ya umaskini tu, kwamba mtoto angepewa kitu cha kudumu angekipenda zaidi. Waswahili wa pwani, ambao misikiti na milango yao ya kuchongwa imeishi karne na karne, hawakuona haya kuweka ustadi wao mkubwa kwenye vitu visivyodumu. Hina ya bibi harusi huchorwa kwa saa nyingi na hupauka kwa wiki mbili hivi, ikifuata ngozi inayojibadilisha. Kikuba cha asumini na rehani huvaliwa jioni na hunyauka usiku huo huo, na harufu yake huwa kali zaidi pale kinapopata joto la mwili wa aliyekivaa. Hakuna anayemlaumu mtengenezaji kwamba kikuba chake hakikufika asubuhi.

Mbali zaidi, Waigbo wa eneo la Owerri nchini Nigeria walijenga nyumba za mbari kwa heshima ya Ala, mungu wa ardhi, wakazijaza sanamu za udongo na michoro ya rangi kwa kazi ya muda mrefu, kisha wakaziacha ziporomoke. Kuzitengeneza upya hakukuwa desturi. Wakati ulipofika ilijengwa nyingine. Huko Marekani, mnamo Machi 1960, msanii Jean Tinguely aliwasha mtambo mkubwa katika bustani ya makumbusho ya sanaa ya kisasa jijini New York, mtambo uliokusudiwa kujivunja mbele ya watazamaji. Mwaka 1991 Felix Gonzalez-Torres alirundika peremende pembeni mwa chumba, kipimo chake kikiwa pauni 175, ikiwa ni taswira ya mpenzi wake aliyefariki kwa ugonjwa wa UKIMWI. Mtazamaji anaruhusiwa kuchukua peremende na kuila, na rundo hupungua kama ulivyopungua mwili ule.

Kibera yenyewe ilipata mfano mashuhuri mwezi Januari 2009, msanii Mfaransa ajulikanaye kama JR alipozifunika paa za mabati, jumla ya mita 2,000 za mraba, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo. Alitumia kitambaa cha plastiki kisichopenyeza maji, ili picha hiyo hiyo imzibie mwenye nyumba paa inayovuja wakati wa mvua. Picha za macho zilibandikwa pia kwenye mabehewa ya treni, na sehemu za chini za nyuso zikawekwa kwenye mabati kandokando ya mteremko wa reli. Treni ilipopita, kwa sekunde chache, macho yalikutana na midomo na nyuso zikakamilika. Kisha treni ikaenda zake.

Naipenda kazi hiyo ya treni kuliko ile ya paa, ingawa ile ya paa ndiyo iliyotazamwa zaidi duniani. Lakini nikiziweka zote hizi kando ya mpira wa juala naona tofauti moja ambayo sijaiona ikijadiliwa vya kutosha. Tinguely alikiamulia kifo chake mtambo wake. Gonzalez-Torres aliacha masharti. JR aliondoka na picha za picha zake. Katika mpira wa juala hakuna anayeamua peke yake. Muundaji huanzisha umri, wachezaji huutumia, mvua huupunguza, na anayeufumua uzi huuhamishia kwingine. Tukitafuta mfano wa umilikaji wa aina hii hatuna haja ya kwenda New York. Tumekwisha kuusoma katika silabasi zetu chini ya anwani ya ngano.

Tukio na kitu

Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba kipande cha fasihi simulizi hakiwezi kueleweka pasipo utendaji wake. Kwa upande wetu, M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika, aliieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati, na akazigawa tanzu kwa kuzingatia hayo na si maneno matupu. Kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kujibu swali la mtihani juu ya jambo hili. Ni wachache miongoni mwetu wanaolikumbuka wakiwa nyanjani.

Tukiutumia mtazamo huo kwa mpira, mambo mawili hudhihirika. Kwanza, fanani hapa si mtu mmoja wala si watu peke yao. Kifaa kinashiriki katika kuamua ni utanzu upi utakaotendwa: wimbo wa kuhesabu, majigambo ya wanasoka au utani wa kupokezana. Nimewahi kuulizwa katika semina kama kusema hivi si kukipa kitu nafsi kisicho nayo. Sidhani. Ngoma ikilegea ngozi huanikwa juani au kuotwa motoni kabla mchezo haujaendelea, na hakuna anayesema mpigaji ameipa ngoma nafsi. Anasema tu kwamba ngoma ina hali, na hali hiyo ni lazima isikilizwe.

Jambo la pili linatugusa zaidi sisi wakusanyaji. Ikiwa mpira ni tukio refu la wiki mbili au tatu, basi kuuchukua siku ya tisa ni sawa na kumziba msimulizi mdomo katikati ya ngano na kisha kujisifu kuwa tumeihifadhi ngano. Ndivyo nilivyofanya. Kitu kilichokaa juu ya kabati langu kilikuwa na kila sifa ya nje ya mpira wa juala: uzito, miraba, hata harufu. Kilichokosekana ni siku zake zilizosalia, na siku hizo ndizo zilizokuwa na wimbo.

Je, tusikusanye? La hasha. Nadhani tunahitaji kukusanya kwa njia nyingine, ambayo ni ya polepole na inayochosha. Badala ya kwenda mara moja na kurekodi nyimbo tano, mtafiti anaweza kuufuata mpira mmoja tangu moyo hadi mirathi, akiandika kila siku uliko, nani anao, mchezo upi unachezwa na maneno gani yanasemwa. Msamiati pekee ungemlipa gharama ya nauli. Katika ziara zangu nimesikia maneno ya kutofautisha juala linaloshika hewa na lisiloshika, fundo la kwanza na fundo la kufungia, mpira uliolegea na uliotoa tumbo. Sijayaona katika kamusi zetu, na mengi yanasemwa na watu ambao wakifika miaka kumi na miwili watayaacha.

Agosti 2017 na baadaye

Kuna sababu ya haraka ya kulisema hili. Baada ya majaribio ya mwaka 2007 na 2011 ambayo hayakufua dafu, serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu iliyowekwa ilikuwa kubwa: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha hadi miaka minne. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Mimi ni miongoni mwa walioiunga mkono marufuku hiyo na ningali naiunga mkono. Aliyeishi bondeni Kibera au kando ya mitaro ya Kawangware anajua majuala yalivyoziba njia za maji na jinsi maji hayo yalivyoingia nyumbani. Isitoshe, mpira wa juala ulikuwa na kinaya ndani yake: kama umbo ulikufa kwa wiki mbili, lakini kama mata haukufa kabisa, ukabaki udongoni vipandevipande kwa muda ambao hakuna mchezaji atakayeuona mwisho wake. Kuchakaa tunakokusifu katika sanaa hii hakukuwa kuoza.

Pamoja na hayo, marufuku ilibadilisha utanzu, na hakuna aliyelitazama hilo. Mipira niliyoikuta Mashimoni imeundwa kwa karatasi za mkate, ambazo hazikupigwa marufuku, pakiti za maziwa, sponji na matambara ya mitumba. Tambara halishiki hewa. Mpira wake huzaliwa mzito, na kwa hivyo ule utoto wa siku mbili tatu, ambao ulikuwa wa kati na wa watoto wadogo, umefupishwa na mara nyingine haupo kabisa. Ukinyeshewa hunywa maji na kufa siku hiyo hiyo, hivyo wakati wa masika watoto huunda mpira kila uchao au hawaundi. Wasichana niliozungumza nao walisema kati inachezwa zaidi wakati wa kiangazi. Mama zao, ambao baadhi wamenizidi umri kidogo tu, walishangaa kusikia kwamba kati ina msimu.

Uwanja nao umebadilika. Mwezi Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata, na maelfu ya watu wakahama. Lami imekuja na faida zake. Kwa mujibu wa vijana walionifundisha kufunga uzi upya (mikono yangu ilikuwa imesahau), lami hula uzi mara mbili ya udongo. Wameanza kuzungusha tyubu ya baiskeli juu ya uzi kama ngao, jambo ambalo sisi hatukulijua. Hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya mpira nilioununua.

Kurudi Mashimoni

Wiki tatu baada ya kuununua, niliushusha mpira kutoka juu ya kabati. Haukuwa umepigwa na mtu wala kuguswa na mvua, lakini tyubu ilikuwa imelegea na hewa ilikuwa imetoka, na upande uliolalia mbao ulikuwa bapa. Niliutia mkobani, nikarudi Mashimoni.

Mvulana aliyeniuzia alikuwapo, pamoja na wenzake watano au sita. Nilimwuliza walifanya nini siku ile baada ya mimi kuondoka. Alisema walikwenda dukani wakanunua mkate kwa ile shilingi 100, wakaula papo hapo, na karatasi ya mkate ikawa tabaka la kwanza la mpira mwingine. Ule ulikwisha kufa, na wa tatu ulikuwa miguuni pake. Nilimkabidhi wangu. Aliubonyeza kwa kidole gumba, akautikisa karibu na sikio, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni habari asiyoitarajia, kwamba haukucheza. Akaketi juu ya jiwe akaanza kuufumua.

Tyubu ilitoka kwanza akampa mwenzake. Uzi akauzungusha kwenye kijiti. Kisha zikatoka karatasi mbili za mkate, tambara la fulana ya kijani, pakiti ya maziwa iliyopasuliwa na kugeuzwa ndani nje. Ndani yake kulikuwa na mpira mwingine, mdogo kama limau, umefungwa kwa uzi tofauti na kwa mafundo ya mkono mwingine kabisa. Nilimwuliza ni wa nani. Akasema moyo huo aliupata kwa kaka yake, naye kaka yake hajui aliupata kwa nani. Fundo moja lilikuwa limekatika, na chini yake lilichungulia juala gumu lenye picha ya tembo wa Nakumatt, maduka ambayo wadai wake walipiga kura ya kuyafunga kabisa mwaka 2020. Niliomba ruhusa ya kulipiga picha. Alinipa nafasi ya picha moja, kisha akaanza kulizungushia karatasi ya mkate, na wenzake wakawa wamekwisha kugawana pande za kati.